Maziwa ya Sabuni Chini ya Mtungi

Milembe mwanangu,

Salamu za kwenye barua nitaziruka. Asubuhi tumekunywa uji pamoja, jioni tutakula pamoja, na shikamoo yako ya leo nimeshaiitikia. Umekwenda Buswelu kumuaga bibi yako, na namjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka jua lipoe. Baba yako amekwenda kutafuta kamba nyingine ya kufungia begi, ingawa iliyopo inatosha kufunga ng'ombe. Mimi nimekaa hapa uani na daftari la mdogo wako, na begi lako nimeshalifungua mara mbili kuhakikisha kwamba glavu zimo. Zimo. Lakini najijua, nitalifungua tena.

Hutapata humu habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kuchagua marafiki, wala za vijana wa kwenye mwalo wanaosubiri mitumbwi huku wakipiga miluzi. Hayo nimekusemea tangu uvunje ungo mpaka sikio limeota sugu. Hata ya sabuni sitayarudia. Unajua kwamba kostiki, dawa ile kali inayounguza, ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, na maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja. Unajua maziwa yanatiwa yakiwa yamepoa, la sivyo yanaungua, yanageuka rangi ya chungwa na kunuka kama choo cha stendi. Unajua mafuta ya sangara yanachujwa mara mbili, na kwamba maziwa na mchaichai ndivyo vinavyomtoa samaki kwenye sabuni. Mkono wako unakoroga vizuri kuliko wangu. Nilikwambia mwaka jana ukadhani nakutania, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo maana wale akina mama wa ng'ambo ya ziwa walipoomba mwalimu wa kikundi chao nilikutaja wewe, sikujitaja mimi.

Kuna jambo moja tu ambalo nimekufundisha bila kukuambia lilikotoka. Vyombo vyangu vya sabuni, ndoo mbili, mwiko na kikombe cha kupimia, vyote nimevipaka rangi nyekundu, na vinalala ndani ya sanduku lenye kufuli. Umenicheka kwa hilo tangu ukiwa mdogo. Umewaambia wenzako wa kwaya kwamba mama yako analinda ndoo kuliko watu wanavyolinda benki. Siku ile mdogo wako alipochukua kikombe chekundu akachotea maji ya kunawa, nilimchapa mpaka ukaingia katikati yetu na kuniuliza kwa hasira, kikombe tu, mama, una nini? Nikakujibu kwamba kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinaniuma.

Nitalisema sasa, maana nikizunguka tena nitaishia kukuandikia habari za kuchemsha maji. Koo lako halikuharibiwa na Bibi Nkwimba. Mimi ndiye niliyeliharibu, kwa maziwa ya sabuni. Bibi Nkwimba alikukata kimeo, kale kanyama ka kooni, wiki mbili kabla ya siku ile, akakikata vizuri, na kidonda kilikuwa kimeshapona. Yote uliyoambiwa katika nyumba hii kuhusu yule mama na kisu chake kichafu ni uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Nimeandika hayo nikasimama, nikaenda kugeuza dagaa walioanikwa, ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Sasa nimerudi.

Utajiuliza kwa nini leo. Wiki tatu zilizopita mwenyekiti wa kikundi alikuja hapa, unamkumbuka, yule mama mnene mwenye kucheka. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Akanieleza kwamba utakaa kwa katekista, karibu na gati la Kamanga, watu wazuri, nyumba ina bati, na jirani yao ni bibi mmoja aliyehamia zamani kutoka huku Nyakato, mjuzi wa miti shamba. Nikamuuliza jina. Akalitaja, huku chai ikinimwagikia mapajani. Kwa hiyo usinipe sifa ambazo si zangu. Ungekuwa unakwenda Shinyanga au Tabora, huenda ningekufa nalo. Naandika kwa sababu kesho kutwa utatoka asubuhi kunawa uso na jirani yako atakuwa yeye, na mojawapo kati ya mawili litatokea. Ama utamtukana mtu asiye na kosa, ama atakuambia yeye kabla yangu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Umeniuliza mara mbili kama naumwa malaria, nami nikakubali tu, na juzi ukanilazimisha kumeza vidonge.

Basi ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka minne hivi. Nyinyi mliokua wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, mnaoona sabuni za kila rangi zimepangwa dukani mpaka zinashika vumbi, hamwezi kuiamini miaka ile. Sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni alfajiri, na jina lako liwe kwa balozi wa nyumba kumi. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikaa chumba kimoja na baraza kule Nyakato, na baba yako alikuwa kiwandani, pale wanapopaushia vitambaa. Huko walitumia kostiki. Siku moja akarudi nayo kidogo ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaniambia mafundi wanasema ukiichanganya na mafuta ya pamba unapata sabuni. Hakuinunua, unanielewa. Na wakati ule msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto, mtu anachukuliwa kwa katoni ya sabuni iliyokutwa uvunguni, wengine wakitupa vitu vyao chooni wakisikia tu mgambo wameingia mtaani. Kopo lile lingetosha kumpeleka baba yako jela, na mimi na wewe kurudi Usagara kwa miguu.

Nilijifunza kwa kuharibu. Sabuni yangu ya kwanza nilichanganyia kwenye sufuria ya alumini. Ikachemka yenyewe bila moto, ikawa nyeusi, nikadhani nimelogwa. Ya pili ilichuna mikono. Ya tatu ikatoka sabuni, ngumu kama jiwe na yenye harufu ya kiwanda, lakini ilitoa povu, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu mjomba wako akaja kutoka Usagara na kibuyu cha maziwa, na njiani maziwa yalikuwa yameanza kuharibika. Mwanamke mmoja aliwahi kuniambia kwenye foleni kwamba maziwa yanalainisha sabuni. Nikaona badala ya kuyamwaga, niyatie humo.

Sasa hapa soma polepole, maana kosa langu lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa kwenye ng'ombe. Kwetu Usagara maziwa ya mtoto yaliwekwa chini ya mtungi wa maji, pale kwenye mchanga uliolowa, penye ubaridi. Hayaguswi na mtu mwingine, na mtoto haombi ruhusa. Anatoka kucheza, anainama, anakunywa, anarudi kucheza. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea na wewe mjini, kila tulipopata maziwa. Kikombe chako kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu.

Maziwa yale yalipokutana na kostiki yakapata moto. Nilitaka yapoe. Mkono ukachukua chombo kilichokuwa karibu, kikombe chako kilekile, nikamimina, nikaenda kukiweka pale ambapo maisha yangu yote nimeweka maziwa ili yapoe. Sikuwaza chochote, mwanangu. Ningekuwa nimezembea, nikapiga soga na jirani, ningejua nijilaumu kwa lipi. Nilikuwa makini kabisa na kazi yangu. Nikaingia ndani kuchuja mafuta.

Nilisikia kikombe kikianguka kabla ya kusikia kilio. Ulikuwa umekunywa funda moja tu. Midomo ilikuwa imeshaanza kuvimba, na mate yanakutiririka mpaka kifuani. Hapo nikaongeza kosa la pili, na hili ulishike kuliko yote niliyowahi kukufundisha. Nilikutia kidole kooni ili utapike, kwa sababu tangu nikiwa mtoto nilisikia kwamba aliyekunywa sumu atapishwe. Ukatapika, na kile kilichokuunguza kikishuka kikakuunguza tena kikipanda. Wale wanafunzi wako watakuja na watoto wao, wengine mgongoni, wengine wakitambaa. Ikitokea, Mungu apishe mbali, mtoto asitapishwe. Mumsuuze mdomo, mkimbie naye hospitali, na mkifika mseme ni nini alichokunywa.

Mimi sikusema. Daktari alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu. Akauliza mtoto amekula nini. Pale mlangoni alisimama mgambo mmoja, wala hakuwa na habari na mimi, alikuwa anapiga hadithi na muuguzi. Nilipomwona nikaliona kopo, nikamwona na baba yako amefungwa pingu. Nikasema, "Alikatwa kimeo." Lilitoka lenyewe, na likatosha. Daktari akakasirika, akasema hawa wakata vimeo wanatumalizia watoto, akaniuliza ni nani aliyefanya hivyo. Nikamtaja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na mitano na bado inaendelea. Bibi Nkwimba alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa amewakata vimeo watoto wa mtaa ule pamoja na wazazi wao. Siku hizi kliniki wanatuambia kukata kimeo hakusaidii kitu, na huenda ni kweli. Lakini hilo ni jambo jingine. Habari ilifika mtaani kabla sijarudi kubadili nguo. Balozi akaitisha kikao, akampiga marufuku. Wanawake waliokuwa wakimpelekea watoto wao wakawa wanavuka barabara wakimwona. Mtu mmoja alimwaga dawa zake mtaroni. Hayo yote niliyapata kwa wageni waliokuja kukutazama, nami nilikaa kando ya kitanda chako nikitikisa kichwa, nikiitikia ndiyo, ndiyo.

Alikuja hospitali mara moja. Alileta uji wa ulezi mwembamba kwenye chupa ya chai. Alikutazama muda mrefu, akakufunua mdomo kwa kidole gumba kama alivyozoea. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Milembe, kisu changu mimi hakifiki kwenye midomo."

Nikakufunika shuka vizuri. Akaitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa na madoa ya kuungua. Akauliza, "Mumeo bado yuko kazini, pale kiwandani?"

Nikamwambia yupo.

"Basi," akasema. "Aendelee kuwapo."

Akamimina uji kwenye bakuli letu, akachukua chupa yake, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote, kadiri nijuavyo. Hata mwezi haukuisha akafunga vitu vyake akavuka kwenda kwa mwanawe huko Kamanga. Siku anaondoka nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua shuka. Nilimwona kupitia dirishani, na sikutoka nje.

Yaliyofuata unayajua mwenyewe. Unaukumbuka mpira waliokuwa wakikupitishia kulipanua koo, maana mpaka leo ukiona mpira wa bustani unageuza uso. Unajua kwa nini unatafuna ugali mpaka wenzako wanamaliza kunawa, na kwa nini maji lazima yawe pembeni ya sahani. Unajua kwa nini mwalimu wa kwaya alikuweka upande wa wavulana, ukaja nyumbani unacheka kwamba umepandishwa cheo. Nilicheka na wewe, kisha nikaenda chooni nikakaa huko.

Mwanzoni nilijiambia nitasema msako ukiisha. Msako ukaisha. Nikajiambia nitasema baba yako akistaafu. Hakustaafu, walipunguzwa kazi wengi kwa siku moja, akarudi nyumbani na kofia yake mkononi, na sabuni ikawa ndiyo jiko letu na karo yenu. Kisha ruksa ikaja na kila kitu, na kostiki ikawa inauzwa dukani karibu na chumvi. Mwenye duka anakufungia kwenye mfuko wa nailoni na kukuuliza kama unataka na kiberiti. Siku ya kwanza nilipoinunua hivyo, mchana, watu wakipita, nililia njia nzima. Kitu ambacho nilimuuza mama wa watu kwa ajili yake sasa kilikuwa kinaning'inia mkononi mwangu wala hakuna aliyegeuza shingo. Kuanzia siku hiyo nikawa sina kisingizio tena. Niliendelea kunyamaza kwa sababu ulikuwa umeshazoea kwamba Bibi Nkwimba ni mtu mbaya, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa mama mwema aliyekuuguza. Nilikupenda ukinitazama hivyo. Nitasema wazi, nilikuwa naogopa macho yako kuliko nilivyoogopa mgambo.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu ulipotoka shule ukiwa umelia, wamekuita Chura darasani. Ulisimama hapahapa uani ukasema siku ukikutana na yule bibi utamtemea mate. Nilikuwa nakata sabuni. Nikakwambia usiseme hivyo, yule ni mtu mzima. Basi. Nikaendelea kukata. Sabuni ya siku ile ilitoka mapande, moja nene na jingine jembamba, ukaniuliza kama nimelewa.

Nikupe na jambo dogo, ujue kwamba si kwamba sikujua namna ya kukiri. Sabuni za dukani zilipotujia kwa wingi nilishikwa na hofu kwamba hakuna atakayetaka yangu, nikaanza kuharakisha. Nikauza sabuni ya siku kumi, haijakomaa. Mama mmoja wa hapa jirani akamwogeshea mtoto wake mchanga, ngozi ikawaka. Safari ile nilikwenda siku hiyohiyo. Nilimwambia, mama, kosa ni langu, niliuza sabuni mbichi. Alinifokea mbele ya wapangaji wake wote, nami nikasimama nikapokea. Mwezi uliofuata akatuma mtu kununua, kwa sharti kwamba niilambe kwanza mbele yake, ionekane kwamba haiunguzi ulimi. Nikailamba, tukacheka. Nilirudi nyumbani nikishangaa kwamba dunia haikuanguka. Nikajiambia kwa hiyo na lile jingine linawezekana. Nikajiambia hivyo, na ikapita miaka mingine mitano.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilimwambia baba yako kwamba nakuandikia.  Unamjua, jambo likimgusa anatafuta kitu cha kutengeneza. Akashika ule mguu wa meza uliolegea akautikisatikisa. Kisha akasema tuliache, mtoto anakwenda kuanza maisha, tusimtwike mzigo. Nikamwambia mzigo anao tangu ana miaka minne, sisi tumemficha tu aliyemtwika. Akatoka. Alifika mpaka barabarani, akarudi, akasimama mlangoni akasema, "Andika kwamba kostiki niliileta mimi. Usijibebeshe peke yako." Nimeandika. Ni yeye aliyeileta. Lakini hakuiweka chini ya mtungi, na hakumtaja Bibi Nkwimba.

Hofu zangu sasa ni nyingi hata siwezi kuzipanga. Naogopa utasema huendi, na wale akina mama wamekwisha nunua ndoo. Naogopa utakwenda na hutarudi Krismasi. Naogopa utaanza kuichukia sabuni, wewe mwenye mkono huo. Naogopa kwamba bibi wa watu ni mzee, huenda hata kumbukumbu imemtoka, na nitakayokwenda kumwambia yatakuwa hayana pa kutua. Usiku nikiota, naota kuna mtoto mwingine anainama kwenye mtungi wa nyumba nisiyoijua. Kwa hiyo ukifika, kabla ya somo lolote, waulize wale akina mama kila mmoja nyumbani kwake anaweka wapi maziwa ya mtoto. Watakuona wa ajabu. Waulize hivyohivyo. Kila nyumba ina mahali ambapo mkono unajiendea wenyewe, na mahali hapo ndipo sabuni isiingie.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke chini kabisa ya begi, ndani ya ile kanga mpya, uikute ukiwa umeshavuka na ziwa liko katikati yetu. Nilianza kuiandika kwa mpango huo. Nilipofika pale kwenye habari ya dirisha nikaona kwamba nafanya jambo lilelile, najificha ndani mtu akiondoka. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukirudi, ukishanawa miguu. Isome hapa uani kwenye mwanga. Mimi nitakuwa jikoni, na nitajitahidi nisije kukuuliza umefika wapi.

Ukimaliza, usiniambie hamna neno, mama, kwa sababu tu mimi ni mama yako. Neno lipo. Kasirika kadiri unavyohitaji. Ukitaka kukaa kimya wiki nzima au mwaka, kaa, nitakuletea maji yako kama kawaida na nitaondoka.

Ila hili nimeshaliamua na halikungojei. Kesho nitapanda kivuko hichohicho utakachopanda wewe. Ukitaka tukae pamoja, tutakaa. Ukisema hutaki kuniona, nitakaa nyuma kwenye malori, lakini nitavuka, maana nakwenda kwa Bibi Nkwimba. Nitamwomba aite majirani zake na mwanawe, kisha nitasema mbele yao nilichofanya, kama nilivyomsema yeye mbele za watu. Baada ya hapo nitapanda kurudi Nyakato, na nyumba zile ambazo bado zina wazee wa wakati ule nitazipitia moja moja.

Wewe hulazimiki kufika pale. Lakini ukiamua kuja, nakuomba jambo moja. Mwamkie wewe kwanza, kabla mimi sijafungua mdomo. Alipoondoka Nyakato ulikuwa umelala hospitali, huwezi kutamka hata jina lako, na mimi sikumtumia neno. Miaka yote hii hajui kama sauti yako ilirudi.

Mama yako